Msaga Unga Aliyelala Kwenye Mhadhara wa Mawingu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko njiani, usikimbie, utafika tu. Leo tunamkumbuka mtu aliyehudhuria mihadhara ya wazi ya chuo kikuu kwa karibu miaka kumi na miwili, na karibu yote akailala.

Naam, mmesikia sawasawa. Aliilala.

Alikuwa msaga unga. Wateja wake walimwita Babu Mweupe, kwa ajili ya unga uliomkaa kwenye nyusi, masikioni, mpaka kwenye mikunjo ya shingo. Babu Mweupe ametutoka mwezi uliopita, akiwa na miaka sabini na sita. Ameacha mke, ambaye kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, na binti mmoja, ambaye ni muuguzi. Nao ndio waliotukaribisha nyumbani kwao, wakatupa chai, wakatupa na habari hii.

Tuanze na ile mashine. Miaka arobaini na moja Babu Mweupe alisimama kando ya mashine ya kusaga. Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Kelele ya mashine ile ingemtoa nyoka, na asirudi. Wateja hawakuzungumza naye kwa mdomo, walizungumza kwa vidole. Kidole kimoja, saga chenga. Viwili, saga laini. Ngumi, hii ni ya kuku, usijisumbue. Jioni akizima mashine, mngurumo ulibaki kichwani mwake kama mgeni asiyeaga. Usiku hakulala vizuri. Lakini akikutana na ukimya wa kweli, ukimya wa chumba kikubwa chenye viti laini, basi, mambo yalikwisha.

"Baba ulikuwa huwezi kumzimia redio," anasema binti. "Ukizima tu, amekwenda."

Tunamshukuru binti kwa kutotuambia ilikuwa ikirusha kipindi gani.

Sasa tumfahamu mke. Huyu mama aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua na wadogo zake wakabaki mikononi mwake. Kiu ya kusoma haikumwacha. Siku moja alipeleka majoho pale chuoni, aliyokuwa ameyapunguza mapindo. Kwenye ubao wa matangazo akaona karatasi. Mihadhara, kozi na warsha kwa watu wote. Kila Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Cheti hakihitajiki. Akaisoma mara mbili. Kisha akamuuliza mtunza ukumbi, aliyekuwa akipita na ufagio wake, kama watu wote ni pamoja na yeye. Mtunza ukumbi akamjibu kwamba yeye kazi yake ni kufagia tu, lakini kusoma anajua, na hapo pameandikwa watu wote.

Tangu siku hiyo mama hakukosa Alhamisi. Miaka minane. Alijifunza kusoma ramani. Alijifunza maisha ya nyuki. Alijifunza jinsi ya kutunza barua za zamani zisiliwe na wadudu, ingawa nyumbani hapakuwa na barua ya zamani hata moja. Akirudi, alimsimulia mumewe, na mumewe akampa jina. Mwalimu. Hakumwita tena kwa jina jingine.

Kisha, wasikilizaji wapendwa, mama akateleza kwenye sakafu iliyolowa, akavunjika nyonga.

Ukumbi wa mihadhara ulikuwa juu. Ngazi thelathini na nane. Nyonga moja mbovu na ngazi thelathini na nane havipatani. Na ilikuwa wiki moja tu kabla ya kozi mpya kuanza, kozi ya mawingu. Mihadhara tisa, na Alhamisi ya kumi ni warsha. Mama alikuwa amekwisha kujiandikisha. Alilala chali kitandani, akageuza uso ukutani, akaacha kula. Binti aliogopa. Mume aliogopa zaidi. Siku ya tatu mama akasema neno moja la maana.

"Nenda wewe. Uniletee."

Babu Mweupe alikuwa hajawahi kukaa darasani akiwa mtu mzima. Alioga, akajisugua nyusi, akavaa shati la kufunga mpaka juu. Akapanda ngazi zote thelathini na nane. Akakaa safu ya tatu. Mhadhiri alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini, sauti ya mtu anayebembeleza mtoto bila kukusudia. Aliwaambia kwanza wazo la kozi. Kila mmoja achague saa moja ya siku, na kila siku saa hiyohiyo aangalie angani, aandike alichokiona. Asiruke siku. Hilo Babu Mweupe alilisikia. Akasikia pia kwamba mawingu yana ghorofa tatu, ya chini, ya kati na ya juu. Halafu mhadhiri akazima taa ili aonyeshe picha.

Basi.

Katika ndoto, mhadhiri alikuja kwenye mashine yake, na nyuma yake foleni ndefu ya mawingu, kila wingu na chombo chake. Wingu la kwanza lilikuwa jembamba, likataka lichekechwe tu, lisisagwe. La pili lilikuwa na pumba. La tatu lilikuwa zito kama gunia la mahindi mabichi, likamwonyesha vidole viwili. Akayapokea moja moja. Akayamimina kwenye mdomo wa mashine. Na mashine, kwa mara ya kwanza tangu aijue, haikutoa sauti. Yalitoka upande wa pili meupe, ya uvuguvugu, yakapanda yenyewe juu ya paa.

Alizinduliwa na mpini wa ufagio begani.

"Mzee," akasema mtunza ukumbi, "mawingu yamekwisha. Tunafunga."

Alirudi nyumbani akikusudia kusema kweli. Mkewe alituambia kwamba baadaye mumewe alimwapia hivyo, na yeye anaamini. Lakini alipofungua mlango alimkuta mama ameketi kwa mito, amenawa uso, amejifunga kitambaa kipya cha kichwa. Daftari mapajani. Kalamu imekwisha kufunguliwa. Siku tatu hakula, na leo bakuli la uji lilikuwa tupu. Ungefanyaje wewe?  Babu Mweupe akasema ghorofa tatu, akasema saa moja ya kila siku. Yakamwishia. Mama akainua macho, akasubiri. Ndipo akafungua mdomo, ikatoka ndoto.

Kuna wingu la chekeche, akasema. Kuna wingu la pumba. Kuna wingu la gunia.

Mama akaandika yote.

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tulivyofundishwa. Ya huyu ilikuwa na wiki tisa. Si kwamba hakujitahidi. Alitafuna tangawizi. Alitia kokoto kwenye kiatu. Alhamisi moja alisimama nyuma ya ukumbi, akalala wima kama punda. Kila Alhamisi alisikia dakika kumi, kisha taa zikazimwa, kisha foleni ya mawingu ikafika mlangoni mwa mashine. Na kila Alhamisi alirudi nyumbani na vipande viwili, kimoja cha chuo, kimoja cha usingizi, na akavishona pamoja vizuri kuliko hata ambavyo mkewe angeshona.

Na mama alipona. Si nyonga, nyonga ilikuwa ya kubaki. Alipona moyo. Kitanda chake kilikuwa dirishani, akachagua saa nne asubuhi. Kila siku saa nne alitazama nje, juu ya paa la jirani na tangi lake la maji, akaandika. Binti akija kumwona, alikatazwa kusimama mbele ya dirisha saa hiyo. "Mimi nilisomea uuguzi miaka minne," anasema binti, "lakini ndani ya chumba kile nilikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza."

Wiki ya sita mambo yakageuka. Mama alimwambia mumewe kwamba mhadhiri wake amekosea. Alikuwa amesema wingu la pumba huleta mvua. Yeye amelitazama mara tano, halikuleta mvua hata tone. Amfikishie mhadhiri, kwa adabu, maana hata msomi huteleza.

Babu Mweupe alikaa Alhamisi ile bila kuufikisha ujumbe. Angemwambiaje mhadhiri kwamba amekosea jambo ambalo hakulisema? Akarudi. Mama akamuuliza, amesemaje? Akamjibu kwamba mhadhiri ameshukuru sana. Amesema ni kweli.

 Mama akaanza kulia taratibu, kwa furaha, akifuta macho kwa ncha ya shuka. Kesho yake jirani alijua. Wateja wa sare walijua. Mshonaji wa darasa la tano amemsahihisha mtu wa chuo kikuu, na mtu wa chuo kikuu ameshukuru. Msaga unga aliposikia habari hiyo inarudi kwake kwa vidole vya wateja, penye foleni ya kusaga, alitamani ardhi ipasuke.

Ikabaki Alhamisi ya kumi. Warsha. Kila mtu aje na daftari lake, asome mbele ya wenzake. Mama alinakili lake upya kwa mwandiko wa kupendeza, siku sitini na tatu, akalitia jalada la kitambaa. Akamkabidhi mumewe alisome kwa niaba yake. Akamwambia asome polepole, na asisahau kusema ni la nani.

Alifika mapema. Taa zilikuwa zinawaka. Ukutani wamebandika picha za mawingu, na chini ya kila picha jina lake. Akapita mbele ya picha hizo moja baada ya nyingine. Akatafuta chekeche. Akatafuta pumba, akatafuta gunia. Hakuna. 

Wasikilizaji wapendwa, mshike jambo hili vizuri. Akisoma, watu watamcheka mkewe, kwa jina lake, mahali anapopaheshimu kuliko mahali pote. Asiposoma, mkewe atauliza walisemaje, na itabidi atunge tena. Pembeni ya ukuta palikuwa na lundo la viti vibovu. Mtunza ukumbi alituambia alimwona kwa macho yake. Mzee alilisogelea lile lundo, akainama, akaliweka daftari chini ya kiti, akaondoka hatua nne. Kulipoteza ni jambo jepesi. Daftari limeibwa, mke wangu, pole. Nani angejua?

Alisimama pale hatua nne. Kisha akarudi, akalichukua, akalipangusa vumbi kwa kiwiko.

Alipoitwa, akaenda mbele. Watu thelathini walikuwa wakimtazama. Mtu aliyezungumza kwa vidole miaka arobaini hajui apandishe sauti kiasi gani, kwa hiyo aliipandisha yote.

"Kabla sijasoma," akasema, "macho yaliyoona haya ni ya mke wangu. Mkono ulioandika ni wake. Majina ni yangu mimi. Nilitumwa nisikilize, nikalala. Alhamisi zote tisa nililala. Nilipofika nyumbani nikamsimulia ndoto. Kwa hiyo mkicheka, mnicheke mimi."

Wakacheka. Walimcheka sana, na mwenyewe akangoja wamalize, kama anavyongoja gunia lijae. Kisha akasoma.

"Siku ya kumi na nne, saa nne. Wingu la chekeche, upande wa tangi la jirani. Limekaa muda wa kushona mkono mmoja wa shati. Halikunyesha.

"Siku ya ishirini na tisa, saa nne. Wingu la gunia, limetoka kushoto. Kabla sijatia uzi kwenye sindano, limefunika paa lote. Limenyesha mpaka adhuhuri.

"Siku ya thelathini, saa nne. Hakuna wingu. Nimeandika kwamba hakuna, maana hilo nalo ni jambo."

Hapo hakuna aliyekuwa akicheka tena. Akasoma siku zote sitini na tatu. Siku zote. Mhadhiri alikuwa amekaa kiti cha mbele, mikono mapajani. Tulimtafuta, akatuambia hivi: "Watu thelathini walichukua kozi ile. Wengine wana shahada mbili. Daftari ambalo halikuruka siku lilikuwa moja tu. Nilijua kila wingu alilokuwa akilizungumzia. Ningeweza kulichora."

Alipomaliza, mhadhiri akamuuliza kwa nini mama huyu hakuja mwenyewe. Mzee akamjibu kwamba ni ngazi. Ngazi thelathini na nane. Watu wakatazama miguu yao. Lile tangazo lilisema watu wote, nao kila Alhamisi walipita mbele yake, na hakuna aliyewahi kuzihesabu.

Mhadhiri akaomba aazimwe daftari. Mzee akakataa. Akasema kwanza akamwambie mwenyewe.

Akamwambia. Jioni hiyohiyo, kabla hajavua viatu. Yote, tangu ghorofa tatu mpaka kiti kibovu.

Mama akageukia dirisha. Hakumsemesha mumewe siku tatu. Binti anakumbuka kuitwa kutoka chumba cha pili ili amwambie baba yake kwamba chai ipo, na baba yake yuko palepale, ukinyoosha mkono unamgusa. "Nikasema, mama, si anasikia? Akanijibu, nani, huyu? Huyu husikia akiwa macho?"

Siku ya nne asubuhi, mume alikuwa akifunga kifungo cha shati aende kazini. Mama akamsemesha bila kugeuka.

"Lile la mhadhiri kunishukuru. Nalo uliliota?"

Angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jepesi zaidi.

"Lile sikuliota, Mwalimu. Lile nililitunga."

Mama akafungua daftari lake la kwanza, alimoandika shukrani zile. Akatafuta ukurasa. Akampa kalamu.

"Basi lifute hilo," akasema. "Ya ndoto yaache."

Akalifuta. Mstari huo tumeuona kwa macho yetu, umepigwa wino mara mbili, na pembeni yake alama ya kidole chenye unga.

Wiki iliyofuata mhadhiri alifika nyumbani kwao na picha zake zilizokunjwa. Alikaa saa mbili kwenye ukingo wa kitanda. Mama alijifunza majina yote ya chuo, na matatu akayapinga. Hilo la pumba walibishana mpaka chai ikapoa. Mhadhiri alipoaga alikubali kwamba jina lile si baya, na akashukuru. Safari hii alishukuru kweli.

Na ngazi? Ilichukua miezi mitatu na barua nyingi. Mwishowe mihadhara ya wazi ilihamishiwa chini, chumba kilichokuwa stoo ya viti. Mtunza ukumbi alipigilia mbao mwenyewe mlangoni ili kiti cha magurudumu cha mama kipande. Alhamisi ya kwanza Babu Mweupe alimsukuma mkewe mpaka safu ya mbele, akakaa pembeni yake, akafungua kifungo cha juu cha shati. Taa zilipozimwa akainama.

"Mwalimu, nilale?"

"Lala. Leo nasikia mwenyewe."

Akalala. Wasikilizaji wapendwa, alilala miaka kumi na moja. Alilala kwenye kozi ya udongo. Alilala kwenye warsha ya kurekebisha baiskeli, ambayo hufanywa kwa nyundo. Akikoroma alipigwa kiwiko. Watu wapya walishangaa, wa zamani waliwaambia mwacheni, huyo yuko kazini. Na njiani kurudi, mumewe akisukuma kiti, mama alimsimulia mhadhara aliousikia, naye akamsimulia mama ndoto aliyoota, na nyumbani yakaandikwa yote. Ukurasa wa kushoto, mhadhara. Ukurasa wa kulia, ndoto. Madaftari ni ishirini na sita. Binti ameyapanga kwenye kabati la sare.

Kifua ndicho kilichomchukua, baada ya kuugua wiki mbili. Alifariki mchana, nyumbani, mkewe akiwa kando yake. Alizikwa Jumatatu.

Alhamisi ya wiki ileile, saa kumi na moja jioni, mama alimwambia binti yake amsukume. Binti alijaribu kumzuia, akashindwa. Mhadhara ulikuwa juu ya mizizi ya miti. Mama alikaa safu ya mbele, akaandika mpaka mwisho. Kiti cha pembeni hakikukaliwa, wala hakuna aliyeambiwa asikikalie.

Tulimuuliza mama usiku huo nyumbani ulikuwaje. Alitufungulia daftari la ishirini na sita. Ukurasa wa kushoto umejaa mizizi, mistari imenyooka, mwandiko wa kupendeza. Ukurasa wa kulia ni mweupe.

"Mhadhara ninao," akasema. "Ndoto ndiyo sina."

Wasikilizaji wapendwa, kwa mama huyu, kwa binti yake, na kwa wote waliosimama kwenye foleni ya mashine ile wakinyoosha kidole kimoja au viwili, tunasema poleni. Poleni sana. Mungu awape subira, na Babu Mweupe ampumzishe mahali penye utulivu, maana utulivu ndio aliopungukiwa.

Nasi tujiulize jambo moja kabla hatujarudi kwenye shughuli zetu. Nyumbani kwako yupo anayengoja umletee habari za mahali asipoweza kufika. Leo umemletea nini? Na kati yake na mahali hapo, kuna ngazi ngapi ambazo hujawahi kuzihesabu?